Mwenye njaa hana miiko, lakini mtoto hachagui kitoweo

MICHEWENI, PEMBA. Haya ni mazungumzo ya wiki kama yalivyosomwa redioni.



Wiki hii naomba tuiache siasa kidogo, tuingie jikoni. Tufunue sufuria tutazame kilichomo ndani, kisha tujiulize: ni mnyama gani anafaa kuliwa, yupi hafai, na nani mwenye haki ya kuamua?

Kwa watu wa Micheweni hili si suala la kupotezea wakati barazani. Mwezi wa Novemba mwaka 2021, katika mkoa wetu huu wa Kaskazini Pemba, watu saba walifariki baada ya kula nyama ya kasa. Mmoja wao alikuwa mtoto wa miaka mitatu. Mwezi wa Machi mwaka 2024 msiba ukahamia kusini, Kisiwa Panza, Wilaya ya Mkoani. Huko wakafa watoto wanane na mtu mzima mmoja, naye alikuwa mama wa mmoja wa watoto hao. Wengine 78 wakafikishwa hospitali. Hesabu yake ni maiti kumi na sita katika muda usiotimia miaka mitatu, na wote kwa sababu ya kitoweo.

Habari zile zilipofika mjini, watu walisikitika, lakini wapo pia waliobeza. Ati hawa Wapemba nao wana nini? Bahari yote ile na samaki wote wale, wao wanakwenda kula kasa! Na wengine wakaongeza pomboo, wakaongeza na popo, ikawa kichekesho cha kwenye daladala.

Basi hapo ndipo nataka tuanzie, maana kubeza si hoja. Kinyaa hakijapata kuwa sheria. Sisi wa visiwani tunamla pweza kwa raha zetu, tunamtia nazi na ndimu, na wako ndugu zetu wa bara wakimwona tu na mikono yake minane hupoteza hamu ya chakula siku nzima. Mhaya akikuletea senene waliokaangwa vizuri amekupa heshima kubwa, nawe Mzanzibari unageuza uso. Huko kusini wapo wanaomla panya wa shambani na kumsifu. Kila mtu ana chake ambacho jirani hawezi kukitia mdomoni. Tukianza kuchekana kwa hilo, itakuwa ile ya nyani haoni kundule.

Wala tusidhani hili ni la watu maskini wa visiwa vya Afrika peke yao. Kule kaskazini ya mbali, katika Visiwa vya Faroe, watu wenye nyumba nzuri na magari mazuri huwasukuma nyangumi wadogo na pomboo hadi ufukweni na kuwachinja, kisha nyama hugawiwa wenyeji kama ilivyo desturi yao ya miaka mingi. Tarehe 12 Septemba mwaka 2021 waliua pomboo 1,428 kwa siku moja. Dunia ilipopiga kelele, walijibu hivi: nyinyi mnaotulaumu mnafuga nguruwe na kuku kwa maelfu ndani ya mabanda yasiyoona jua, mnyama wetu sisi ameishi huru hadi siku yake. Jibu hilo lina uzito wake. Anayekula kuku wa banda hana mimbari ndefu ya kumhutubia anayekula pomboo.

Ila nawaomba mlizingatie hili. Mwaka 2008 madaktari wa Faroe wenyewe, waliozaliwa huko na kulelewa kwa nyama hiyo, waliwaambia wananchi wao kwamba nyama na mafuta ya nyangumi hao havifai tena kwa chakula cha binadamu. Sababu yake ni zebaki na sumu nyingine zilizojaa mwilini mwa mnyama anayekula samaki maisha yake yote. Hawakusema kwamba mnyama ni mzuri wa sura, wala kwamba watalii wanalia. Walisema kwamba anawadhuru watoto wenu, wakiwa bado matumboni mwa mama zao.

Ndugu wasikilizaji, kwangu mimi hapo ndipo penye kipimo. Ugeni wa mnyama si hoja, na uzuri wake si hoja. Mwenye kupakua chakula anapaswa kujibu masuala mawili tu. La kwanza, je, kinamdhuru anayekila? La pili, je, bahari inaweza kukirudisha kile tulichokitoa?

Tumchukue kasa kwa suala la kwanza. Wataalamu wanadhani sumu yake hutokana na baadhi ya mimea midogo ya baharini anayoila. Kasa mwenyewe haimdhuru. Unaweza kuwa na kasa wawili, mmoja salama na mmoja muuaji, na hakuna mvuvi, mpishi wala mzee wa miaka themanini anayeweza kuwatofautisha kwa rangi, kwa harufu wala kwa ladha. Kuchemsha hakuondoi sumu hiyo. Kukaanga hakuiondoi, na kukausha juani vile vile. Hospitali haina dawa ya kuivunja, bali daktari humsaidia mgonjwa apumue, apate maji, na mengine ni majaaliwa ya Mungu. Na mama aliyekula anaweza kumpitishia mtoto anayenyonya kwa njia ya maziwa, hata kama yeye mwenyewe hali yake si mbaya sana.

Kwa hiyo yule anayesema, "Babu yangu alikula kasa akafika miaka tisini," huenda anasema kweli kabisa. Babu yake alitupa karata na ikamwangukia vizuri. Lakini mtu mzima akicheza karata na roho yake, hiyo ni roho yake. Mtoto wa miaka mitatu hakuulizwa. Mtoto hula alichopakuliwa, tena kwa imani yote, kwa sababu kimetoka katika mkono wa mama. Na mwili wake ni mdogo, sumu humwahi kabla ya wengine.

Kuna jambo jingine linalonisumbua zaidi. Kasa mmoja mkubwa hupindukia kilo mia. Nyumba moja haiwezi kummaliza, kwa hiyo nyama hugawiwa: sahani hii kwa shangazi, sahani ile kwa jirani aliyefiwa na mume, nyingine kwa mwalimu wa madrasa. Huo ndio ujirani wetu, nao ndio unaotufanya tuishi mahali ambapo wengi hawana mshahara. Katika msiba wa mwaka 2021 nyama ile ililiwa katika familia kama tano hivi. Yaani ukarimu wenyewe ndio ulioibeba sumu ukaipitisha nyumba hadi nyumba. Hakuna aliyekusudia ubaya. Ndiyo maana jambo hili haliwezi kuachiwa hiari ya mtu mmoja mmoja.

Sasa suala la pili, la bahari kurudisha. Dagaa akivuliwa leo, mwakani wapo wengine. Kasa humchukua miaka ishirini, thelathini au zaidi kabla ya kutaga kwa mara ya kwanza, na katika vifaranga elfu moja vinavyoingia baharini, huhesabiwa kuwa ni kama kimoja tu kinachofika utu uzima. Pomboo hubeba mimba kiasi cha mwaka mzima, huzaa mtoto mmoja, na humnyonyesha muda mrefu kabla ya kuzaa tena. Mnyama wa namna hiyo hawezi kuvuliwa kama dagaa. Ukitaka mfano, mkumbukeni nguva, ambaye wazee wetu walimjua. Leo hii wachache waliobaki Tanzania hutafutwa huko Rufiji, Mafia na Kilwa, na mvuvi kijana wa Micheweni amemsikia kwenye hadithi tu.

Kizimkazi, huko kusini ya Unguja, pomboo walikuwa wakiwindwa. Nyama yake ilikuwa chambo cha papa na nyingine ililiwa. Mwaka 1992 hivi wakaanza kuja watalii wa kutazama pomboo, na wenyeji wakaona kwamba pomboo aliye hai huuzwa leo, kesho na keshokutwa, ilhali aliyechinjwa huuzwa mara moja. Hiyo nayo ina kasoro zake, maana boti zikizidi kuwakimbiza, wanyama hawapati kupumzika. Lakini uwindaji ulikwisha. Kilichobaki ni nyavu. Wataalamu wa Taasisi ya Sayansi za Bahari, Zanzibar, wameonyesha kwamba pomboo wanaonaswa na kufa katika nyavu za kusini ya Unguja ni wengi kuliko kundi lile linavyoweza kuhimili.

Na hapa mvuvi wa Tumbe au Msuka ana hoja yake, nasi tumsikilize. Anatega jarife lake jioni kwa ajili ya papa na taa. Usiku kasa ananasa, au pomboo. Wote wawili wanavuta pumzi kama sisi, na wasipofika juu wanakufa maji. Asubuhi mvuvi anamkuta mnyama amekwisha kufa na jarife limechanika. Anasema, "Mimi sikumwinda huyu. Amekufa. Nimtupe, na nyumbani hawana kitoweo?" Mwaka 2006, mwishoni mwa Aprili, kiasi cha pomboo 400 walikutwa wamekufa huko Nungwi, na wapo watu waliokwenda na visu. Mwenye njaa hana miiko, walisema wahenga.

Kwa kasa jibu ni moja: mtupe, kwani kifo chake cha jarifeni hakiondoi sumu. Na kwa wote wawili kuna sababu nyingine. Mnyama aliyekufa akiwa na bei, hakuna atakayefanya haraka kumfungua aliye hai. Baada ya muda kidogo hakuna tena ajuaye yupi aliyekufa maji na yupi aliyesaidiwa kufa.

Wapo watakaoniuliza habari ya dini. Mimi si sheikh, nasema ninachokisikia kwa masheikh. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu hapa tunayafuata, vya baharini kwa jumla ni halali. Juu ya kasa wanavyuoni wamekhitalifiana, kwa kuwa anaishi majini na kutaga nchi kavu. Lakini hata aliyeshika kauli ya kuhalalisha anaijua kanuni isiyo na ubishi, kwamba kinachodhuru nafsi hakiliwi. Sheria za uvuvi za Zanzibar nazo zinakataza kumvua kasa. Dini na sheria zimekutana njia moja, kazi iliyobaki ni ya sisi wapishi.

Asije mtu akatuambia kwamba watu wa Pemba hawabadiliki. Popo wa Pemba, yule mkubwa ambaye haishi kwingine duniani ila kisiwani kwetu, alikuwa kitoweo cha sifa. Aliwindwa na miti yake ikakatwa hadi mwaka 1996 akawekwa katika orodha ya kimataifa ya wanyama walio ukingoni mwa kutoweka kabisa. Vijiji vikaunda klabu za kumlinda, Kidike wakayatunza makazi yake, na idadi ikapanda. Mwaka 2008 akateremshwa daraja la hatari. Na huko Misali, kisiwa kilichohifadhiwa tangu mwaka 1998, mafunzo ya dini juu ya amana ya viumbe yaliwaingia wavuvi kuliko vitisho vya boti ya doria. Hayo yamefanyika hapa hapa Pemba.

Basi nini kifanyike? Kwanza, habari ya sumu ya kasa isingoje msiba. Isemwe madikoni, skuli, madrasani, kliniki za mama na mtoto, na isemwe kwa wanawake hasa, maana wao ndio wenye upawa. Pili, mvuvi anayekata jarife lake ili kumfungua kasa au pomboo aliye hai amepata hasara ya kweli. Wanaonufaika na bahari yenye pomboo, yaani serikali na wenye mahoteli, wachangie japo uzi wa kushonea wavu huo. Huwezi kumtaka maskini alipie peke yake uzuri wa bahari anaoutazama tajiri. Tatu, maofisa wa uvuvi wasiwe watu wa kuja na pingu tu baada ya mazishi.

Nanyi wenzetu wa mjini, msijitoe. Papa mkavu mnayemtia kwenye mchuzi wa nazi huenda ametoka katika jarife lile lile lililomwua pomboo. Samaki walio bora hupanda gari kuja kwenu, kwa kuwa bei yenu ni nzuri. Aliyebaki huku na sufuria tupu ndiye mnayemshangaa kwa kupika kasa. Mkila, ulizeni samaki huyu kavuliwa vipi.

Wahenga walisema kweli kwamba mwenye njaa hana miiko. Lakini mtoto hajui kama ana njaa ya mwiko au ya halali. Anajua njaa tu, na anamwamini anayempakulia. Mwiko ni wa sisi wakubwa kuushika kwa niaba yake.

Mungu awarehemu wale waliotangulia, na awape subira waliobaki. Tukutane tena wiki ijayo, panapo majaaliwa.