Hewa Kwanza, Kalamu Baadaye

Juma hili nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo baadhi yenu mtalidharau mwanzoni, nalo ni kupaka rangi magari na nyumba ndogo za mfano. Mjini kwetu mtu mzima akionekana ameinamia basi la maboksi lenye urefu wa dhiraa moja, watu humcheka na kusema amerudi utotoni.

Lakini mfikirieni kijana wa Omurushaka au Kayanga wilayani Karagwe, au wa Nkwenda katika Kyerwa, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Alianza na gari la waya lenye matairi ya ndala. Leo anakata plaiwudi, anaunda basi lenye viti na vioo, au nyumba ya mfano ambayo mjenzi anaweza kumwonesha mteja wake. Mkono wake ni mzuri mpaka inapofika siku ya rangi. Hapo brashi huacha michirizi, rangi hujikusanya kwenye pembe, na kazi ya majuma matatu ikaonekana kama ya siku moja. Ndipo anapomwandikia ndugu yake aliye mjini: "Kaka, kahawa ikiuzwa nitakutumia fedha. Nitafutie ile kalamu ya kupulizia rangi."

Kaka huyo huenda ni wewe unayenisikiliza, au dada. Kabla hujatia mguu dukani, sikiliza.

Kwanza tuondoe hilo neno "mchezo". Mwaka 1876 msafiri Henry Morton Stanley alipofika kwa Rumanyika, mtawala wa Karagwe, alioneshwa nyumba ya hazina, na humo akaona bata wa shaba ya manjano wenye mabawa ya shaba nyekundu, na ng'ombe wa shaba. Bweranyange, makao ya watawala hao, palihifadhiwa pia ng'ombe wadogo wa chuma wenye pembe ndefu, na masimulizi ya huko humtaja Ndagara, baba yake Rumanyika, kuwa alifua chuma kwa mikono yake mwenyewe. Vilikuwa vitu vya enzi hivyo, wala hakuna aliyethubutu kumwambia mtawala aache michezo ya watoto.

Sasa turudi kwenye kalamu yetu, ambayo mafundi huiita eabrashi. Ni ndugu mdogo wa ile bunduki inayopulizia rangi magari gereji. Hewa hupita kwa kasi kwenye ncha na kuivuta rangi kutoka katika kikombe kidogo. Ndani mna sindano ambayo ikirudi nyuma hufungua njia ya rangi. Basi, hakuna muujiza mwingine. Mmarekani Abner Peeler wa jimbo la Iowa, aliyebuni moja ya kalamu za mwanzo kabisa mwaka 1879 hivi, inasimuliwa aliiunganisha kwa vitu vya kawaida, ikiwamo sindano ya cherehani na kijiko. Kwa hiyo anayekuambia kwamba chombo cha bei nafuu hakifai kitu, mwulize anauza kipi.

Zipo za aina nyingi, na hapa nitasema ninavyoona mimi. Ile rahisi kabisa, yenye chupa chini na kitufe kimoja tu, hutoa wingu pana. Yafaa kwa rangi ya msingi, lakini kijana wetu ataichoka mapema. Afadhali uongeze kidogo ununue yenye kikombe juu na kitufe cha kazi mbili: ukikibonyeza, hewa inatoka, ukikivuta nyuma, rangi inafuata. Sindano ya milimita 0.3 inamtosha. Siku hiyo hiyo nunua sindano na pua ya akiba, kwa sababu ncha ikijikunja kidogo tu, kalamu huanza kutema mate, na kutoka Nkwenda hadi duka la vipuri ni safari.

Lakini, ndugu yangu, fedha nyingi zinapotelea kwingine. Kalamu bila hewa ni pambo la mezani. Watu wengi hununua kalamu nzuri, ikabaki fedha ya kompresa ya kubahatisha isiyo na tangi. Hewa yake hutoka kwa mapigo, na rangi nayo hutoka kwa mapigo. Kama uwezo upo, tafuta kompresa yenye tangi dogo, kirekebisha shinikizo, na kichujio cha maji. Hicho kichujio usikiache. Karagwe hupata misimu miwili ya mvua kwa mwaka, na hewa yenye unyevu ikishindiliwa hugeuka matone, yakarukia kazi wakati wa kuimalizia.

Na kama uwezo haupo? Mwambie aende kwa fundi wa panchari pale stendi. Wanamitindo wa Ulaya walikuwa na desturi ya zamani ya kutumia tairi la akiba la gari kama tangi la hewa, kwa kuunganisha mpira kwenye valvu. Tairi hujazwa paundi 30 na kitu, na kalamu inahitaji paundi 15 mpaka 20 tu. Hewa itapungua kila anapopuliza na itabidi arudi kujaza, lakini haina kelele, na haijui kwamba umeme umekatika. Tairi hilo liwe kwenye rimu yake; mpira wa ndani peke yake ukishindiliwa hivyo utapasuka. Wako wanaotumia kompresa ya jokofu bovu. Inafanya kazi vizuri tena kimya, ila asiifunge kwenye mtungi wowote usio na valvu ya usalama. Huko ni kutega bomu chumbani.

Sasa nafika kwenye lile lililonifanya nichague mada hii. Rangi inayopulizwa haiishii kwenye basi. Inabaki hewani, na kijana, akiwa amefunga dirisha ili vumbi lisiingie, anaivuta yote. Kitambaa puani huzuia vumbi kidogo. Mvuke wa thina hakizuii hata kidogo. Rangi za magari zinazochanganywa na kikausho ndizo mbaya kupita zote, kwani aghalabu huwa na kemikali ziitwazo isosayaneti, ambazo zaweza kumwachia mtu pumu ya maisha. Hizo asizitumie kabisa kwa vibasi vyake. Aanze na rangi za maji za akriliki. Azichuje kwa kitambaa cha soksi, azipunguze makali mpaka ziwe nyepesi kama maziwa. Akilazimika kutumia thina, afanyie kazi barazani, mbali na jiko la mkaa na kibatari, tena avae barakoa yenye vichujio vya mvuke. Bei ya barakoa hiyo iweke kwenye hesabu yako tangu mwanzo, kabla ya bei ya kalamu. Fedha ikipungua, punguza kwenye kalamu.

Yaliyobaki ni mazoezi na usafi. Kila rangi ikibadilishwa, kikombe kisuuzwe na kalamu ipulizwe mpaka itoke safi. Rangi ikikaukia ndani, ubora wa chombo haumsaidii mtu. Apulize kwa umbali wa upana wa kiganja, mkono ukitembea, tabaka jembamba juu ya tabaka jembamba, na kila moja likauke kwanza.

Siku ya kwanza asiliguse basi lake. Achukue gazeti kuukuu na maji yenye wino, achore nukta, kisha mistari, kisha mistari miembamba zaidi, mpaka kidole kizoee kitufe. Afanye hivyo juma zima; wino na maji ni rahisi.