Vyombo Vyako Vina Bima?



Baadhi yetu tuna watoto katika jeshi la Marekani. Ukimpigia wako simu, muulize: vyombo vyako vina bima? Zamani marupurupu yao ya nyumba yalihesabiwa pamoja na bima ya mpangaji. Januari 2015 bima hiyo iliondolewa katika hesabu. Tena kufikia 2019, kwa wastani, asilimia 5 ya gharama ya nyumba ikawa juu ya familia yenyewe.

Sasa moto ukizuka, bima ya mwenye nyumba hulipia jengo. Kitanda, nguo na sufuria ni hasara ya mpangaji.

Na sisi je? Vikundi vyetu viweke akiba ya moto kabla ya moto.