Dar es Salaam kwa mgeni anayetoka ng'ambo ya ziwa

Maneno ya wajumbe wanne wa shirika mbele ya mkutano mkuu, Kalemie



Mlitutuma wanne, wamama wawili na wababa wawili, tukakaa Dar es Salaam siku kumi na saba. Kazi mliyotupa ilikuwa moja: tuangalie mji ule unampa nini mtu wetu anayefika kama mgeni, na unamwacha wapi. Mlitaka mjue hilo kabla ya kupiga kura juu ya sanduku la safari. Basi tutasema tulichoona, halafu tutasema tunashauri nini. Kwa jambo moja sisi wanne hatukukubaliana, na hilo pia mtalisikia.

Kabla hatujaondoka mfadhili mmoja alituuliza: ninyi mlikaa Tanzania miaka kumi, wengine kumi na tano, sasa mnahitaji kutumwa kujifunza Tanzania? Swali ni zuri. Jibu ni kwamba sisi hatukukaa Tanzania, tulikaa kambini. Nyarugusu imekuwako tangu 1996, na mkimbizi wa pale hawezi kutoka nje ya kambi bila kibali. Tunajua barabara ya Kasulu, tunajua foleni ya chakula, tunajua Kigoma kwa sababu ndipo tulipopandia meli ya kurudi. Dar es Salaam tulikuwa tunaisikia kwa redio. Kuna watoto wetu waliozaliwa kule, wanasema Kiswahili cha Tanzania kuliko cha baba zao, na bahari hawajawahi kuiona hata siku moja. Kwa hiyo mtu wetu akifika Dar es Salaam leo anajiona mwenyeji kwa sababu ya lugha, kumbe ni mgeni kabisa. Shida nyingi zinaanzia hapo.

Kuhusu njia tutasema kidogo tu. Boti hadi Kigoma mnaijua. Kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,200, na reli ya zamani, ile Wajerumani waliyoifikisha Kigoma 1914, bado iko. Wengi wanachukua basi. Sasa iko pia treni mpya ya umeme, ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, kwa hiyo unaweza kufika Dodoma kwa basi na kumaliza safari kwa treni. Mwenye basi ajue kwamba stendi kubwa ya Magufuli iko Mbezi, si mjini. Ukishuka pale usiku na mizigo, bado una safari nyingine mbele yako, na wenye taksi wanajua kwamba hujui. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano ibebeni, sisi watu wa Kongo wanatuomba.

Sasa mji wenyewe. Kitu cha kwanza unachopewa ni lugha. Ndugu zetu waliokwenda Ulaya au Marekani wanajua uchungu wa kuumwa bila maneno. Dar es Salaam polisi, mwuguzi, mwuza maji, karani wa biro, wote unaongea nao. Lakini lugha hiyo hiyo inakutangaza. Ukisema sombe, mwuza mboga anatabasamu. Kule ni kisamvu. Lenga-lenga ni mchicha, ndagala ni dagaa. Ukifungua mdomo tu mtu anakuuliza, "Mama, wewe Mkongo?" Si kwa ubaya, wengi wanaanza kuimba muziki wa kwetu palepale. Ila bei nayo imekwisha kubadilika. Mmoja wetu alifanya hila: alikuwa anasema shikamoo na kisha ananyamaza, anaonyesha kwa kidole. Ilisaidia kidogo kwa nyanya. Kwa vitenge haikusaidia.

Kwa sababu mlitaka tuseme juu ya biashara, tuseme Kariakoo. Jina lenyewe lilitoka kwa Kiingereza, Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa vita vya kwanza, na sisi watu wa ziwa hili tunajua habari za wapagazi wa vita ile. Jengo kubwa la soko alilichora Mtanzania, Beda Amuli, likafunguliwa miaka ya 1970, likaungua Julai 2021, likatengenezwa upya. Lakini soko hasa ni mitaa yote inayolizunguka. Mtaa huu vitenge, mtaa ule viatu, mbele vyombo vya jikoni, mbele tena vipuri. Mtu mwenye pesa kidogo anaweza kununua kwa jumla kitu ambacho hapa Kalemie kinafika kimepita mikono minne. Hiyo ni zawadi ya kweli ya mji ule, na tusiidharau.

Pale pale ndipo tulipoona wenzetu wakiumia. Anakuja kijana safi, anakuita ndugu, anakupeleka duka hadi duka. Ni dalali. Ujira wake umewekwa ndani ya bei yako na hukuambiwa. Sisi hatusemi madalali wote ni wezi; wengine wanakuokolea siku nzima ya kutembea kwenye jua. Tunasema ulizeni bei peke yenu kwanza, katika maduka matatu, ndiyo mumtafute dalali. Na dai risiti ya mashine kila mara. Karatasi iliyoandikwa kwa mkono haina nguvu ukifika kwa watu wa dwani. Neno lingine ni la dola. Sisi tumezoea kulipa kwa dola hata mkate. Tanzania imekataza tangu 2025 bei na malipo ya ndani kwa fedha za kigeni. Badilisheni benki au katika duka lenye leseni, mpewe karatasi. Anayekuvuta pembeni barabarani kukubadilishia, mwachieni njia yake.

Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo, watu wengi wakafa ndani. Tulipita mtaa ule. Maduka mengi bado yako chini ya ardhi, njia ya kuingia ni moja, ngazi nyembamba. Hatuwezi kuwaambia msiingie, maana sisi wenyewe tuliingia. Tunasema msilale ndani ya stoo za namna ile ili kuokoa pesa ya gesti, kama tunavyosikia wengine wanafanya.

Sasa bahari. Mmoja wa wamama tuliokuwa nao alisimama Coco Beach akachota maji akaonja, akatema, akasema, "Kumbe njo kweli, ni chumvi!" Watu wakacheka naye. Pale kuingia ni bure, Jumapili jioni watu wamejaa, unakula muhogo wa kukaanga na mishikaki, watoto wanakimbia. Kivuko cha kwenda Kigamboni ni bei ndogo sana, na ukiwa juu yake unaona mdomo wa bandari wote, na upande wa mjini soko la samaki la Feri. Kwa mtu asiye na pesa hizo ndizo burudani mbili bora za mji, kwa maoni yetu. Kijiji cha Makumbusho nacho ni kizuri, nyumba za makabila mbalimbali zimejengwa kama zilivyokuwa.

Lakini mji wa bahari ungekuwa na mahali pengi pa kukaa na kuangalia bahari. Tulitembea kwa miguu, tukakuta ukuta, hoteli, ukuta, geti. Ukitaka kuingia ufukweni, lipa kiingilio au nunua kinywaji. Choo cha watu wote ni shida, na kwa mama mwenye mtoto au mzee mwenye sukari hilo si jambo dogo. Kivuli pia ni kidogo. Mtu akikaa kwenye jua la Dar es Salaam tangu saa nne anajua anachokisema.

Jambo lililotuuma ni bandari. Mizigo ya Kongo inapita pale tangu zamani. Kwa mkataba wa 1921 Wabelgiji walipewa na Waingereza sehemu ya bandari ya Dar es Salaam na sehemu nyingine Kigoma, kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka. Wazee waliita Belbase. Ndiyo sababu reli ya kwetu ya Kalemie ilikuwa na maana: mzigo unatoka Katanga, unavuka ziwa, unafika baharini. Mji huu wetu na mji ule ni ncha mbili za kamba moja. Tulitaka kuona hata kibao kimoja kinachosema hivyo. Huko tulikopita hatukukiona. Unaona uzio, kontena, na foleni ya malori yenye namba za Kongo. Mzigo wetu unajulikana pale kuliko sisi.

Juu ya kusafiri ndani ya mji: mabasi ya mwendokasi yalianza 2016, yana njia yake, na yakitembea vizuri unapita foleni yote ya magari. Asubuhi na jioni ni kusukumana, shikeni mifuko. Masika, kati ya Machi na Mei, bonde la Msimbazi pale Jangwani linajaa maji na barabara inafungwa. Asipangiwe mtu miadi ya hospitali miezi ile kama inaweza kungoja.

Tumefika kwa hospitali, na hapa tunaomba mtusikilize kwa utulivu.

Dar es Salaam ina matibabu ambayo hapa hatuna. Muhimbili ni hospitali ya taifa, na katika eneo lake iko taasisi ya mifupa na iko Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Kansa inatibiwa Ocean Road. Watu wetu wanakwenda, na wako waliopona, wengine wamekaa katika chumba hiki. Hilo ni la kwanza na ni kubwa.

La pili ni karatasi. Mgonjwa wetu anasema Kiswahili, daktari anasema Kiswahili, lakini karatasi zetu zote zimeandikwa kwa Kifaransa, na za kule ni Kiingereza. Mama mmoja mwanachama wetu alikwenda mwaka jana, katika hospitali nyingine ambayo hatutaitaja. Alikuwa na majibu ya vipimo, alivilipia hapa kwa kuuza mashine yake ya kushona. Pale hakuna aliyeweza kuyasoma. Akaambiwa apime upya. Alituambia hivi: "Baliniambia ningoje munganga anayejua Kifaransa, nikangoja, bakafunga mulango." Akarudi kesho yake, na kesho yake tena. Binti yake aliyemsindikiza hakuwa na pa kulala, kwa sababu hospitali inampa kitanda mgonjwa, msindikizaji ajitegemee. Wakalala nje ya geti usiku tisa. Pesa ya operesheni ikawa pesa ya chakula, ya vipimo vya mara ya pili na ya bajaji. Wakarudi Kalemie bila operesheni. Mama yuko hai, mnamjua, na bado anangoja.

Hatumlaumu daktari wa kule. Tungemlaumu vipi kwa kutojua Kifaransa? Lakini shirika hili lina walimu, lina wauguzi wastaafu, lina vijana waliosoma Kiingereza Nyarugusu kwa mishumaa. Karatasi ya kurasa tatu ingetafsiriwa hapa, ikapigwa kashe na munganga wa hapa, kabla mama hajapanda boti.

Ndipo tulipotofautiana. Wawili wetu wanataka sanduku la safari likodi vyumba viwili Dar es Salaam mwaka mzima, mtu wetu akae pale apokee wagonjwa na wafanyabiashara. Wawili wengine wanasema kodi ya kule inalipwa miezi mingi kwa mara moja, na vyumba vikikaa vitupu tutakuwa tumekula mbegu za watu wa mashamba, ambao nao wanangoja mchango wao. Wote wanne tunakubali mambo mawili: kwanza tafsiri ya karatasi ianze mwezi huu, haina gharama kubwa, pili sanduku limlipie kila msindikizaji wa mgonjwa gesti ya siku kumi za kwanza, na alete risiti. Mambo ya vyumba tunawaachia ninyi.

Wafadhili wameuliza kama wanaweza kulipia vyumba moja kwa moja. Sisi tungependa walipie wasindikizaji kwanza. Wakitaka kujua kwa nini, wamwulize binti yule, yuko mstari wa pili.

Kura ni Jumapili ijayo hapa hapa, saa nane. Mwenye karatasi za hospitali na anayepanga kusafiri kabla ya masika azilete biro kwa mwandishi wa shirika, nakala si asili, ndani ya bahasha yenye jina na kartie.