Lugha Tuliyoificha

Wazee wetu Wamakonde walitoka Msumbiji miaka ya 1930 wakaja kukata mkonge hapa Kwale. Sisi tukazaliwa hapa hapa, lakini vitambulisho tulianza kupewa 2017 tu, baada ya wenzetu kutembea kwa miguu kwenda Nairobi mwaka 2016. Kabla ya hapo, ukisikika njiani unaongea Kimakonde, askari anakudai karatasi. Kwa hivyo mama alitukataza: nje ni Kiswahili tu. Simlaumu, alikuwa anatulinda.

Lakini ya nje yakaingia ndani. Mwaka jana nyanya aliugua, Kiswahili kikamtoka kabisa. Akawa anaita "medi, medi", na wajukuu wako pale kitandani wanatazamana tu. Kumbe ni maji anataka! Mimi nilikuwa shamba.

Basi naomba hivi: siku ya mkutano, tukimaliza kuhesabu akiba, tusikimbilie nyumbani. Wazee wawili wabaki na watoto wakichonga vinyago, kila chombo kitajwe kwa Kimakonde. Vitambulisho tunavyo. Chai nitaleta mimi.