Maji ya Hola
(Hotuba iliyosomwa mbele ya baraza huko Malava, Kabras)



Nimeombwa niseme juu ya ukatili wa wanadamu. Wasemaji wengi huanza kwa kuutaja unyama wa mwituni, lakini naona tunawasingizia wanyama. Chui akiisha kushiba hulala. Mimi nitaanza na kambi ya Hola, karibu na Mto Tana.

Tarehe 3 Machi 1959, watu zaidi ya 80 waliowekwa kizuizini kwa ajili ya Mau Mau walitolewa kambini kwenda kuchimba mfereji wa maji. Walinzi walikuwa na marungu, na amri ya kuwalazimisha kufanya kazi. Wakawapiga. Watu 11 wakafa. Na walinzi wale wengi wao walikuwa Waafrika, wenye mama na watoto kama sisi. Nadhani kila mmoja alijiambia kwamba rungu ni lake lakini amri ni ya mwingine.

Kesho yake Serikali ilitangaza kuwa watu wale walikufa baada ya kunywa maji ya gari la maji. Madaktari walipozipima maiti wakaona majeraha, na hakimu aliyechunguza vifo akasema ni mapigo. Mwezi wa Julai habari hiyo ilijadiliwa katika Bunge la Uingereza, na Bwana Enoch Powell, aliyekuwa wa chama kile kile kilichotawala, akasimama usiku kuwalaumu wakubwa wake. Hata hivyo hakuna aliyeshitakiwa kwa vifo vile. Mwaka 2013 ndipo Uingereza ilipokubali kuwalipa Wakenya 5,228 walioteswa katika miaka ile.

Mtasema Hola ni mbali. Lakini sokoni mtu akipaza sauti, “Mwizi!”, mawe huokotwa kabla jina la mtu halijajulikana. Hapo amri haitoki kwa afisa, hutoka katika kelele. Na polisi wakija kuuliza, kila mmoja wetu siku ile alikuwa shambani akipalilia miwa. Hayo ndiyo maji yetu ya Hola.

Siku moja nilimwona mama muuza ndizi akiketi chini kando ya kijana aliyekuwa akipigwa. Akamwuliza yule aliyeinua fimbo, “Mwanangu, ameiba nini, nacho ni cha nani?” Huyo akamtazama jirani yake, naye jirani akamtazama mwingine. Mpaka polisi wakafika, mama yule alikuwa bado anangoja jibu.