Zebaki, Risasi na Uzazi wa Kizazi Kijacho: Funzo kutoka Machimbo ya Mpanda

Mhadhara huu unahusu madhara ambayo sumu za mazingira zinazomfikia mtoto akiwa tumboni huweza kuyaacha katika uwezo wake wa kuzaa atakapokuwa mtu mzima. Hoja yake kuu ni kwamba katika mkoa wenye machimbo kama Katavi, kinga ya uzazi haina budi kuanzia mwaloni, yaani mahali dhahabu inapooshwa na kuchenjuliwa, kabla mimba haijatungwa, kwa kuwa mama anapofika kliniki mara nyingi viungo vya uzazi vya kijusi vimekwisha kuanza kuumbika.

Mpanda, mkoani Katavi, ni mji uliokuzwa na madini. Reli ya tawi kutoka Kaliua ilijengwa zama za ukoloni wa Waingereza ili kuhudumia mgodi wa risasi wa Uruwira, na leo wachimbaji wadogo wa dhahabu wanaendelea na kazi katika maeneo kama Dirifu na Ibindi. Mwamba ukishasagwa kwenye karasha, unga wake huoshwa na kuchanganywa na zebaki, metali ya majimaji inayoshikamana na dhahabu, kisha donge linalopatikana huchomwa ili zebaki itoke kwa mvuke na dhahabu ibaki. Mvuke huo huingia mapafuni mwa anayechoma na mwa walio karibu naye, wakiwamo wanawake na watoto, na zebaki inayosombwa na maji ikifika mitoni na mabwawani hugeuzwa na bakteria kuwa methili-zebaki, sumu inayojilimbikiza katika samaki.

Kondo la nyuma, ambalo hupitisha chakula na hewa kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto, halizuii sumu hizi. Methili-zebaki hufikia kiwango kikubwa zaidi katika damu ya kitovu kuliko katika damu ya mama mwenyewe. Risasi nayo hukaa mifupani kwa miongo kadhaa, na wakati wa ujauzito, mifupa inapotoa madini yake, hurudi katika damu, hata kama mama aliacha kazi ya mgodini zamani.

Ubaya wa sumu hutegemea pia wakati inapoingia. Kwa mtoto wa kiume, takriban kati ya wiki ya 8 na ya 14 ya mimba, homoni za korodani ndizo zinazoongoza maumbile ya viungo vyake vya uzazi. Mtoto wa kike, kwa upande wake, huwa na chembe za mayai zipatazo milioni 6 hadi 7 afikapo wiki ya 20, na huzaliwa na milioni 1 hadi 2 tu; kwa hiyo mama mjamzito hubeba tumboni mwake pia chanzo cha wajukuu.

Kwamba madhara ya tumboni hujitokeza ukubwani kulithibitika huko Boston, Marekani, mwaka 1971, pale saratani adimu ya uke ilipohusishwa na DES, dawa ya homoni ambayo mama za wagonjwa waliitumia walipokuwa wajawazito. Mwaka 2003 watafiti wa California walionyesha kwamba mabinti ambao mama zao walikuwa na DDT, dawa ya kuua wadudu, nyingi zaidi katika damu walichelewa zaidi kushika mimba. Kuhusu zebaki na risasi, majaribio kwa wanyama yameonyesha kwamba huweza kuvuruga homoni za uzazi, na utafiti uliofanyika katika machimbo madogo ya kaskazini mwa Tanzania umehusisha zebaki pamoja na sumu ya aseniki na kuharibika kwa mimba na kuzaliwa kwa watoto njiti.

Kwa Katavi jambo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu uchunguzi wa kitaifa wa afya wa 2015-16 uliukuta mkoa huu ukiongoza nchini, asilimia 45 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 wakiwa wamekwisha kuzaa au ni wajawazito wa mimba ya kwanza. Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, ulioanza kutumika mwaka 2017 na ambao Tanzania imeuridhia, unataka mipango ya nchi iwakinge wanawake walio katika umri wa kuzaa, hasa wajawazito. Basi zebaki isichomwe majumbani wala kwenye vyombo vya kupikia, bali katika vifaa vilivyofungwa vinavyonasa mvuke; wauguzi wamuulize kila mjamzito kuhusu kazi yake na ya mumewe; na viongozi wa machimbo wawaondoe wasichana na wajawazito katika uchenjuaji bila kuwanyima riziki. Hatua hizi zichukuliwe sasa, kwa kuwa madhara yanayosubiriwa hadi yaonekane huwa yamekwisha kuingia katika kizazi kingine.