Tusipunguze Chakula cha Vifaranga vya Perege

Ndugu wanakamati na wafadhili wetu, hapa Ndandalo tumependekeza kupunguza fedha za chakula cha vifaranga. Naomba tusifanye hivyo.

Ndama huzaliwa na karibu nyuzi zote za misuli yake. Akikua, hizo hunenepa tu. Perege sivyo. Baada ya kuanguliwa huendelea kuongeza nyuzi mpya, huku za zamani zikinenepa. Kazi hiyo inataka protini. Pumba za mpunga, ambazo sisi wa Kyela hatuzikosi, peke yake hazitoshi. Tuzichanganye na usipa mkavu uliotwangwa. Samaki akishinda njaa huyeyusha misuli yake mwenyewe ili aishi. Fedha zikipungua, basi tununue vifaranga wachache, lakini tuwalishe.